Majani Tele, Maua Hamna: Kisa cha Tuta Lililopofuka

Siku nilipoitwa kulitazama tuta lile, majira ya kuchipua yalikuwa yamepamba moto na bustani zote zina rangi. Hili lilikuwa karibu kijani kitupu. Majani ya narsisi, ua linaloota kutoka tunguu lililo ardhini kama ilivyo tulipu, yalisimama yamenona, mengi hadi yanasukumana, na katikati yake niliona maua 3. Tulipu zilikuwa na hali mbaya zaidi: karibu kila mmea ulikuwa umetoa jani moja tu, pana, limelala udongoni kama ulimi, bila hata bua la kubebea ua.

"Waliniuzia matunguu mabovu," mwenye bustani aliniambia hata kabla sijainama. "Mwaka wa kwanza yalichanua, wa pili yakasinzia, na sasa ndiyo haya. Nataka niyang'oe yote ninunue mengine."

Nilimwomba asubiri. Tunguu bovu halina subira ya miaka mitatu, lingejitangaza mwaka uleule wa kwanza. Haya yalikuwa yamechanua vizuri kisha yakafifia hatua kwa hatua, na mwendo wa namna hiyo una historia yake. Tena si yeye peke yake. Watunza maua wana jina kabisa la mmea wa tunguu unaotoa majani bila ua: husema umepofuka.

Tuta lenyewe

Lilikuwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, limeegemea ukuta upande unaopigwa na jua tangu asubuhi hadi alasiri. Kwa mahali hakukuwa na kasoro. Alikuwa amepanda narsisi 25, tulipu 25 na hayasinti 10, yote kwa siku moja, majani ya miti yakiwa yanapukutika kabla ya baridi kuingia. (Hayasinti hii isichanganywe na gugumaji linaloziba maziwa. Lugha nyingine huyapa majina yanayofanana, lakini hata ukoo hawana mmoja.) Siku ileile alitawanya krokasi 30 kwenye nyasi chini ya mti mkubwa, akazisahau.

Bahati nzuri kila mwaka alipiga picha kwa simu, kwa hiyo hesabu hatukuitegemea kumbukumbu. Majira ya kwanza, kila tunguu lilitoa ua. Majira ya pili, narsisi zilichanua 14 na tulipu 9, tena ndogo. Hayasinti zilitoka zote lakini vichane vyao vya maua vilikuwa vimepwaya, unaona bua katikati ya ua na ua. Majira ya tatu, narsisi 3, tulipu 2, hayasinti 8 zenye maua ya kuhesabika kwa vidole.

Na krokasi? Krokasi hazikuhesabika. Zilikuwa zimezaliana zikatandaza zambarau na manjano chini ya mti mzima.

Hizo krokasi ndizo zilizonifumbua macho. Zilipandwa siku moja na zile za tuta, zikapigwa na baridi ileile, zikanyeshewa na mvua ileile. Kama kosa ni la hewa au la muuzaji, mbona limechagua mahali pa kukaa? Kuna jambo lililokuwa likifanyika tutani ambalo chini ya mti halikufanyika.

Washukiwa walioachiwa huru

Mshukiwa wa kwanza kwa tulipu ni baridi haba. Tulipu huhitaji takriban wiki 12 hadi 16 za ubaridi usiozidi nyuzijoto 9 hivi ndipo bua lake lirefuke sawasawa. Ikikosa ubaridi huo, ua hutoka limejibana chini katikati ya majani kwa bua fupi, au tumba hukauka kabla halijafunguka. Hapa, kwa zile zisizochanua, bua halikuwepo kabisa. Tunguu lililokosa baridi na tunguu lisilo na ua ndani yake ni magonjwa mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Ukungu wa tulipu huacha majani yamejikunja, yana mabaka ya kahawia na vumbi la kijivu, nami sikuona baka hata moja. Funza wa nzi wa narsisi hula moyo wa tunguu, kisha hubaki majani membamba kama ya nyasi, ilhali haya yalikuwa yamenona. Kindi na panya nao hupenda sana tulipu na krokasi, ila narsisi hawaigusi kwa sababu ina sumu. (Hata kwa binadamu ina sumu. Tunguu la narsisi linafanana na kitunguu cha kupikia, kwa hiyo lisikae karibu na jiko.) Lakini mwizi angeacha mapengo, na tuta hili halikuwa na pengo.

Nikabaki na swali moja.

"Mama, maua yakishanyauka, huwa unafanyaje?"

"Nasafisha."

"Unasafishaje?"

"Yale majani marefu nayasuka kama nywele, nayafunga kamba yasinilalie. Wiki mbili hivi, miche ya maua ya kiangazi ikishakuwa tayari, nayakata nipate nafasi ya kuipanda."

Alilisema kwa fahari, na kweli bustani yake ilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kuziona. Miche hiyo ya kiangazi aliimwagilia kila jioni mpaka baridi irudi. Mbolea ya nyasi nayo, kwa kuwa nyasi zinapakana na tuta, ilikuwa ikirushwa kwa mkono na nyingine ikiangukia tutani. Nilipouliza alipanda kwa kina gani, alinionyesha kidole chake cha shahada. Sentimita 7 hivi.

Chini ya mti je? Pale mashine ya kukatia nyasi hugonga mizizi, kwa hiyo alikuwa akipaacha hadi mwisho kabisa. Alipofika na mashine yake, majani ya krokasi yalikuwa yameshakauka yenyewe. Uvivu wa mahali pamoja uliziokoa krokasi, na bidii ya mahali pengine ikaliua tuta.

Kinachotendeka watu wakishaacha kutazama

Pasua tunguu utaona jinsi lilivyojengwa. Chini kuna kitako kigumu, ambacho ndicho shina lenyewe lililobanwa likawa kama sahani, na mizizi hutokea hapo. Juu ya kitako kuna matabaka manene meupe, ambayo ni majani yaliyogeuka ghala la wanga. Katikati kabisa kuna chipukizi. Ua linapopanda juu, ghala hufunguliwa na kutumika. Siku ua linapofikia uzuri wake wote, tunguu lililo chini yake limekwisha nguvu nyingi, kama mtu aliyetoka kuandaa harusi.

Kulijaza tena ni kazi ya majani, na kazi hiyo hufanyika ua likishaanguka, wakati hakuna mtu anayelitazama tuta. Majani yanahitaji angalau wiki 6 baada ya maua kwisha. Mama huyu aliyapa wiki 2, na hata hizo mbili aliyapa yakiwa yamesukwa, nusu ya kila jani imefichwa jua na nusu nyingine. Kwa hiyo kila mwaka ghala lilifungwa likiwa na akiba pungufu kuliko ya mwaka uliotangulia.

Narsisi na tulipu huumia kwa namna mbili, na ndiyo sababu hazikuanguka kwa kasi moja. Tunguu la narsisi huishi miaka mingi, huongeza matabaka mapya ndani na kumaliza ya zamani kwa nje. Ua lake la mwakani huanza kuumbwa mapema, mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado hai au ndiyo kwanza yanakufa. Likinyimwa chakula mwaka mmoja, lina akiba ya kuvumilia kidogo. Tulipu haina uvumilivu huo. Tunguu la tulipu unalolipanda leo halitakuwepo mwakani: hujimaliza lote katika kulea ua na majani, na pembeni yake huumbika matunguu mapya yanayorithi mahali pake. Tunguu unalolichimbua ni mtoto wa lile ulilolipanda, au mmoja wa watoto wengi. Ukikata majani wakati watoto ndiyo wanaanza kunenepa, umewaachisha ziwa mapema, na mtoto asiyefikia ukubwa wa kuchanua hutoa jani moja pana. Ndiyo zile ndimi zilizolala udongoni.

Hapo ndipo nilipomjibu kuhusu muuzaji. Ua la mwaka wa kwanza ni kazi ya mkulima aliyekuuzia tunguu. Alishalilisha shambani kwake, na lilikufikia ua likiwa limeshapata chakula chake. Ukilipanda lisiwe juu chini na ukalipatia baridi, litachanua hata wewe usijue lolote. La mwaka wa pili ndilo lako. Wakulima wa matunguu wa Uholanzi hulijua hili kiasi cha kuonekana wakatili: shamba zima la tulipu likishachanua, hupitisha mashine na kukata vichwa vyote vya maua, majani wakayaacha yamesimama. Wanachouza ni tunguu, na kila kinachokwenda kwenye ua na mbegu kimetoka kwenye mizani yao. Mama alikuwa akifanya kinyume chao: aliliacha ua hadi likaota mbegu, majani ndiyo akayakata.

Tulivyochimbua

Hatukuchimbua siku ile. Tulikata vichwa vya maua machache yaliyonyauka, tukanyunyizia mbolea yenye potasiamu nyingi na nitrojeni kidogo, tukamwagilia udongo ulipokauka, na majani tukayaacha. Kwake huo ndio ulikuwa mtihani. Wiki ya nne alinipigia kunieleza kuwa tuta "linatia aibu." Wiki ya saba majani yalikuwa manjano kwa sehemu kubwa, nikaja na uma wa bustani. Sepetu siipendi kwa kazi hii, hukata matunguu vipande kabla hujayaona.

Narsisi zilitoka kwa mafungu, zimeshikana hata ubavu mmoja wa kila tunguu umekuwa bapa kwa kubanwa. Ishirini na tano zilikuwa zimekuwa 83. Nilichukua uzi nikazungushia kila moja kisha nikaunyoosha kwenye rula, kwa sababu tunguu hupimwa kwa mzingo wake na si kwa urefu. Za sentimita 12 kwenda juu zilikuwa 19. Nyingine zote zilikuwa ndogo, nyingi hazizidi ncha ya kidole gumba. Kina kifupi kina mchango hapo: tunguu lililo karibu na uso wa udongo hupata joto na ukavu zaidi, nalo hupenda kugawanyika kuwa vitoto vingi.

Tulipu zilisikitisha. Kila mahali ilipopandwa moja, tulikuta ngozi ya kahawia iliyokauka, na kando yake vijitunguu 3 hadi 5 mfano wa punje za kitunguu saumu. Kubwa kuliko zote ilikuwa na mzingo wa sentimita 7, wakati zile zinazouzwa kwa ajili ya kuchanua huwa 11 au 12. Kwenye mashimo mengine vijitunguu vilikuwa vimeoza na kulainika. Huko lawama niliiweka kwenye umwagiliaji wa kiangazi. Asili ya tulipu ni milima ya Asia ya Kati, ambako baridi ni kali na kiangazi ni kikavu, na tunguu lake hupumzika kwenye udongo mkavu wenye joto. Kulimwagia maji kila jioni wakati wa usingizi wake ni kulitafutia ukungu.

Kwa hukumu yangu, kukata majani mapema lilikuwa kosa kuu na lingetosha peke yake. Msongamano na kina kifupi viliongezea kwa narsisi, maji ya kiangazi yakaongezea kwa tulipu. Mbolea ya nyasi naiona kama kipodozi tu: nitrojeni yake ilinenepesha majani, na huo unene ndio uliomfanya mama adhani mimea ina afya.

Kisu

Tuliyapeleka matunguu kwenye banda lenye kivuli, ndani ya mifuko ya wavu ili hewa ipite. Mfuko wa plastiki huyapa jasho na kuyaozesha. Wala hayakukaa karibu na matunda, kwa kuwa matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, nayo huliua ua changa ndani ya tunguu bila nje kuonekana kitu. (Anayeishi mahali pasipo baridi ya kutosha, akayaweka matunguu kwenye friji kwa zile wiki 12 na zaidi, alikumbuke hili kuliko jingine lolote: kwenye friji hiyo yasikae matunda.)

Siku ya kupanda ilipofika nilimwomba mama anipe narsisi mbili za kutoa kafara, moja kubwa na moja ndogo. Nilivaa glavu, kwa maana utomvu wa narsisi na vumbi la maganda ya hayasinti huwasha ngozi. Nikapasua kubwa kwa urefu, taratibu, kisu kipite katikati ya kitako. Tabaka baada ya tabaka nyeupe, majani machanga ya manjano yamesimama wima, na katikati yake kitu kidogo kama punje ya mchele kilichofunikwa kwa utando mwembamba. Niliutoboa utando kwa ncha ya sindano. Ua lilikuwemo ndani, limekamilika, hata kikombe cha katikati ungekitambua.

Mama alilishika karibu na uso kwa muda. Kisha nikampasulia ile ndogo. Matabaka, majani machanga, basi.

"Kwa hiyo lilikuwa limeshaamuliwa," alisema.

Lilikuwa limeshaamuliwa miezi mingi kabla, juma lile aliloshika mkasi.

Kupanda upya

Narsisi 18 kubwa zilizobaki zilirudi tutani mapema, mwanzoni mwa majira ya kupukutika, kwa kuwa huanza kutoa mizizi udongo ukiwa bado na vuguvugu. Kaskazini mwa ikweta hiyo ni Septemba hadi Oktoba, na kusini ni Machi hadi Aprili. Kina chao tulikifanya sentimita 15, kwa kanuni ya mara mbili hadi tatu ya kimo cha tunguu, na kati ya moja na nyingine tukaacha nafasi inayotosha matunguu mawili. Udongo ulikuwa mzito, tukachanganya mchanga mkubwa na mboji iliyoiva. Samadi mbichi haikukaribia, huozesha kitako. Ndogo tulizipanda kwa mstari nyuma ya nyumba, zikue miaka 2 au 3 bila kudaiwa kitu.

Tulipu mbovu sikumshauri azilee. Kuna watu huzilea na nawaheshimu, ila tulipu nyingi za maua makubwa hata kwa mtunzaji mahiri hupungua mwaka hadi mwaka, na zake zilianzia chini mno. Alinunua mpya 15, tukangoja hadi mwishoni mwa majira ya kupukutika ndipo tukazizika kwa sentimita 20, udongo ukiwa umepoa. Tulipu iliyochelewa kupandwa haidhuriki, na ukungu hupata nafasi ndogo. Anayetaka tulipu zinazorudi kila mwaka atafute zile fupi za asili, kama Tulipa tarda. Maua yake ni madogo lakini ni za kudumu.

Ikabaki aibu ya majani, na hiyo niliichukulia kwa uzito, kwa sababu shauri la bustani lisilomstahi mwenye bustani halifuatwi. Katikati ya narsisi tulipanda jerania za kudumu, ambazo majani yao hutanuka wakati uleule ya narsisi yanapolegea, yakayafunika. Miche ya kiangazi ilihamia kwenye vyungu, na maji yake yakahamia huko.

Majira yaliyofuata narsisi zilichanua 15 kati ya 18. Tulipu zilichanua zote, mama akafurahi mno, nami nikamkumbusha kwamba hizo ni za muuzaji. Mwaka uliofuata ndio ulikuwa wake: tulipu 11 kati ya 15, narsisi zote, na nyuma ya nyumba ndogo 6 zikatoa ua bila kuulizwa.

Simu yake ilikuja majuma kadhaa baada ya hapo.

"Mwanangu, majani yamelegea. Sasa nikate?"

"Shika jani moja ulivute polepole. Likija lenyewe, kata. Likishikilia, liache."

Nilisikia hatua zake, kisha kimya, kisha pumzi ya mtu anayeinama.

"Limeshikilia."

"Basi, mama."

"Haya," alisema. "Nimefunga mkasi kabatini."